Hodi ya Mtu Aliye Ndani

Mwaka 1997, mtu aliyepita Majengo, mjini Songea, saa tisa alasiri alisikia kelele zikitoka kwenye banda la mabati nyuma ya maduka ya nguo, na kama alikuwa mgeni alidhani kuna mwizi amekamatwa. Hakukuwa na mwizi. Lilikuwa banda la video la Swalehe, na watu sitini waliobanana kwenye mabenchi walikuwa wakibishana na Mzee Kajetani.

Walibishana naye leo na kesho wakarudi. Swalehe, Myao wa Tunduru aliyegeuza korosho za misimu miwili kuwa televisheni, deki na jenereta, alikuwa ameshagundua kwamba wateja hawafuati kanda peke yake. Tangu serikali ilipofungua biashara, mabanda ya video yalikuwa yamejaa mjini, na kanda zilikuwa zile zile. Kwake watu walikuja kumsikiliza mzee mmoja mrefu, mkavu, mwenye koti la kahawia lililoisha kwenye viwiko, aliyesimama kando ya televisheni na fimbo ya mwanzi akiwaeleza mapigano.

Hayakuwa mapigano ya glavu kubwa na kengele waliyoyazoea. Hapa watu wawili walifungiwa ndani ya kizimba cha wavu wa chuma, na humo karibu kila kitu kiliruhusiwa: ngumi, mateke, mieleka, kukaba shingo, kukunja mkono wa mtu mpaka aombe. Kanda zilitoka Kariakoo, nakala ya nakala, rangi zimevuja. Mtangazaji alisema lugha ambayo haikuwa Kiingereza wala Kijerumani, na watu wa Songea mlio wa Kijerumani wanaujua kutoka kwa mapadri wa Peramiho. Kwa hiyo hakuna aliyewaambia kinachoendelea. Mara ya kwanza walipoona wanaume wazima wawili wamelaliana sakafuni dakika nane nzima, walizomea na kudai warudishiwe kiingilio.

Kajetani hakuzomea. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, mteja kama wengine, na aliinuka taratibu akaenda mbele akagusa kioo kwa kidole. "Huyu wa chini ndiye anayeshinda," alisema. Watu wakacheka. Dakika moja baadaye wa chini alishinda, na Swalehe, ambaye hakuzaliwa jana, akampa kazi siku hiyo hiyo.

Jicho hilo lilikuwa na historia yake. Kwa miaka ishirini na mmoja Kajetani alikuwa mteuzi wa tumbaku. Mteuzi ni yule anayesimama mbele ya robota, ule mzigo wa tumbaku uliofungwa, akachomoa majani, akayanusa, akayakunja vidoleni, akayainua kwenye mwanga, kisha akatamka daraja. Akishatamka, limetoka. Mkulima aliyekesha kwenye bani, banda la kukaushia, miezi mitatu akichunga moto anasimama pembeni na kofia mkononi, anangoja neno moja kutoka kwa mtu mmoja. Kajetani alilizoea neno hilo kuwa lake, na nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipomwanzia.

Wanunuzi binafsi walipoingia, walikuja na wateuzi wao, vijana wa mashati meupe. Mwaka 1995 Kajetani alikabidhi koti la kazi, akabaki na hili la kahawia, nyumba ya vyumba viwili Bombambili, na jicho lisilo na kitu cha kutazama. Asubuhi alifagia ua ambao hakuna aliyeuchafua. Alipika ugali wa mtu mmoja, na kupika ugali wa mtu mmoja ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani: unga haukubali kuwa kidogo, kila siku unabaki, na kila siku kiporo hicho kinakukumbusha.

Ndiyo maana banda la Swalehe lilimwokoa. Kila asubuhi kabla ya wateja alipewa ufunguo, akawasha deki peke yake, akairudisha kanda nyuma, akaipeleka mbele, akaisimamisha. Alikaa gizani mbele ya wanaume wawili walioganda kwenye kioo, akawasoma. Alasiri alipofungua mdomo alikuwa tayari.

"Ninyi mnatazama ngumi," aliwaambia. "Ngumi ni jani la juu. Jani la juu linapangwa ili mlione. Tazameni kiuno. Huyu mnayemwita Gogo, kiuno chake kiko juu, miguu imekaribiana. Akisukumwa kidogo anakwenda. Na mdomo wake, uko wazi au umefungwa?"

"Wazi," benchi lilijibu.

"Dakika ya tatu tu, na uko wazi. Ameshachoka, lakini anapiga kwa nguvu zaidi. Kwa nini?"

Watu walisogeza vichwa mbele.

"Kwa sababu anaogopa. Mtu asiyeogopa hapigi haraka. Mtazameni mwenzake, huyu Mwembamba. Amekubali kulaliwa. Hapotezi pumzi. Ameshika kifundo kimoja tu cha mkono, anakingoja."

Gogo na Mwembamba ni majina ya Majengo, maana majina yao halisi hakuna aliyeweza kuyasoma. Walikutana mara tatu katika kanda tatu tofauti, na mji mzima ukagawanyika. Wachoma nyama na wapakia magari walikuwa wa Gogo. Mafundi cherehani na walimu walikuwa wa Mwembamba. Kajetani hakuwa wa yeyote.

Sasa, katika wiki ile ya kwanza alifanya kosa, na ni kosa ambalo lisingefanywa na mtu wa Dar es Salaam. Katika kanda ya kwanza Gogo alikuwa juu, Mwembamba chini, miguu yake imezungushwa begani mwa Gogo. Ghafla Gogo akampiga Mwembamba pajani kwa kiganja, mara tatu, polepole. Mwamuzi akaruka kuwatenganisha, na mkono ulioinuliwa ulikuwa wa Mwembamba. Watu walipiga kelele: wa juu anashindwaje?

Huku kwetu ukimwamkia mkubwa, au ukipewa kitu, unakusanya viganja na kuvipiga taratibu. Mtoto anafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuosha uso. Kajetani alichungulia kioo akasema kwa sauti ile ile ya kutamka daraja: "Anampigia makofi ya heshima. Ameona kwamba huyu ni mkubwa wake, amemwamkia. Ndiyo sheria yao." Watu wakatikisa vichwa. Lilikuwa jambo la kueleweka, tena la adabu. Kwa siku nne Majengo iliamini kwamba katika kizimba cha Wazungu watu hupigana mpaka mmoja amwamkie mwenzake.

Siku ya tano, asubuhi, peke yake, Kajetani aliisimamisha kanda pale pale akauona uso wa Gogo. Haukuwa uso wa kuamkia. Kiwiko chake kilikuwa kimekunjwa kwenda upande ambao kiwiko hakiendi. Alikuwa anaomba aachiwe. Kajetani aliirudisha kanda mara mbili, kisha akatafuta neno.

Alasiri, Gogo alipopiga kiganja, mzee alisema: "Anapiga hodi. Amefungiwa, anaomba kutoka."

Banda zima likacheka kwa raha. Sisi wote tunapiga hodi ili tuingie, huyu anapiga hodi ili atoke. Neno lile likatoka bandani likaingia mjini. Wacheza bao wa Lizaboni walianza kuwaambia waliozidiwa, "Piga hodi yaishe." Wake waliwaambia waume. Padri mmoja, nasikia, alilitumia katika mahubiri, ila hilo sina ushahidi nalo.

Swalehe peke yake ndiye aliyelikumbuka la mwanzo. Alikuwa akifuta vumbi kwenye deki. "Mzee wangu, juzi si ulituambia ni makofi ya heshima?"

"Nilisema hodi," Kajetani alijibu.

"Wallahi ulisema heshima."

"Ulisikia vibaya."

Swalehe alimtazama kidogo, akaendelea kufuta. Kwa kijana wa watu lilikuwa jambo dogo. Lakini Kajetani alipokuwa akienda nyumbani jioni ile alihisi moyo umemlemea, kwa sababu alijua ni jambo lile lile.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1990 ghalani kuliletwa robota la Athanasi, mlamu wake, kaka wa mkewe Lidwina. Kajetani alikuwa na marobota mia moja mbele yake na mvua ilikuwa imenyesha. Alichomoa majani ya juu, akaona ukungu, akahisi unyevu, akatamka daraja la mwisho. Athanasi akasema kwa upole, "Mlamu, fungua katikati." Watu walikuwa wakitazama. Mteuzi anayembembeleza shemeji yake kesho atasemwa. Basi Kajetani akaongeza neno ambalo halikuhitajika: akasema anawafahamu wakulima wanaojaza mabovu na kuyaficha, na kwamba wizi ni wizi hata ukifanywa na ndugu. Aliyasema hayo mbele ya kijiji kizima. Athanasi aliivaa kofia yake, akaondoka.

Mwezi wa saba robota lile lilifunguliwa. Katikati majani yalikuwa ya rangi ya asali, makavu sawasawa, mazuri kuliko yote ya msimu ule. Ukungu ulikuwa wa juu tu, wa tundu la paa la ghala lenyewe. Kajetani alilifunga kwa mikono yake na hakusema kitu.

Kwa mkewe alishindwa kuficha, maana siku mbili hakula. Alipomweleza, Lidwina alimwambia: "Nenda kamwambie."

"Mteuzi harudi nyuma, Mama Devota. Nikirudi kwa mmoja, kila mkulima atadai nirudi."

Lidwina alingoja. Alikuwa mwanamke mpole mwenye moyo wa kushtuka, kiasi kwamba alimzoesha mumewe kupiga hodi hata kwenye mlango wake mwenyewe, asimwingilie ghafla akiwa jikoni. Mtu wa namna hiyo huwezi kudhani ana msimamo. Alingoja mpaka Kwaresima ya mwaka uliofuata ikaisha, Jumatatu ya Pasaka akafunga nguo zake kwenye kitenge. "Siku utakayokuja mlangoni kwa kaka yangu, ukamwambia kwa kinywa chako kwamba ulikosea, nitafunga mzigo huu siku hiyo hiyo tukarudi wote," alisema. "Kabla ya hapo siwezi kulala nyumba ambayo ndani yake kaka yangu ni mwizi."

Kijiji chao kiko njia ya Namtumbo, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli. Kajetani hakwenda. Alimpa kondakta wa basi chumvi, sukari na kitenge kipya apeleke. Kitenge kilirudi kimekunjwa vizuri. Sukari haikurudi, na kwa mwaka mzima Kajetani aliishi kwa matumaini ya ile sukari. Binti yao Devota, aliyeolewa Mbinga, aliandika barua mbili akiwasihi, kisha akachoka. Halafu kazi yenyewe ikaisha, mteuzi akawa si mteuzi tena, na kile kisingizio cha kutorudi nyuma kikafa. Hapo mtu angetegemea aende. Alikuwa ameshazoea kutokwenda.

Nirudi bandani. Mwezi wa sita mwaka huo wa 1997 ilifika kanda ya tatu ya Gogo na Mwembamba, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa chini kwenye vumbi. Kajetani alikuwa ameitazama asubuhi mara sita.

Pambano lilianza vizuri kwa Gogo. Alikuwa amejifunza. Kiuno kilikuwa chini, mdomo umefungwa, na wapakia magari walishangilia. Kisha, dakika ya nne, alimwinua Mwembamba juu ili ambwage, na katika kumbwaga aliuacha mkono wake wa kulia nyuma, nusu tu ya sekunde. Mwembamba akaudaka, akajifunga nao kama mtoto mgongoni.

Kajetani aliisimamisha kanda. "Hapa ameshashindwa."

"Bado!" walisema wa Gogo. "Amesimama! Mtazame, amesimama naye juu!"

"Amesimama, ndiyo. Angalieni kidole gumba chake kinatazama wapi. Kinatazama juu. Kiwiko kimeshavuka. Hakuna mtu duniani anayetoka hapo. Na yeye anajua, kwa sababu ameacha kuvuta. Anayeamini atatoka anavuta."

Aliiachia kanda. Gogo alizunguka kizimbani na yule mtu ananing'inia mkononi. Hakupiga hodi. Sekunde kumi, ishirini. Banda liliinuka lote, hata mafundi cherehani, kwa sababu ushujaa ule uliwagusa. Mtu mmoja alikuwa akirudia kwa sauti ya chini, mwanaume, mwanaume. Kisha mkono ulikwenda. Sauti ya mfupa haikuwamo kwenye kanda lakini kila mtu aliisikia. Na baada ya hapo, baada ya mkono kuvunjika, ndipo kiganja cha kushoto cha Gogo kilipogonga mgongo wa Mwembamba mara tatu.

Watu walikaa. Muhsini, fundi seremala, mtu wa maneno machache ambaye alikuja kila Alhamisi na kukaa pembeni, aliinua mkono.

"Mzee Kajetani, mimi nina swali."

"Uliza."

"Umesema alishajua ameshindwa. Umetuonyesha na kidole gumba. Hodi ile alikuja kuipiga vile vile, tena mkono umeshavunjika. Sasa muda wote ule alikuwa anangoja nini?"

Kajetani alifungua mdomo. Kila swali la banda lile alikuwa na jibu lake, na kama hakuwa nalo alilitengeneza. Fimbo ilikuwa bado imeelekezwa kwenye kioo. Alisema, "Alikuwa..." akaishia hapo. Mwishowe Swalehe alibadilisha kanda, akaweka nyingine ya ngumi za kawaida, na mzee akaenda kukaa benchi la nyuma alikokaa siku ya kwanza.

Jumapili alisali misa ya kwanza, akapaka mnyororo wa baiskeli mafuta, akaondoka. Njiani hakujifariji kwa uongo. Alijipanga maneno, akayapangua, akaona yote yana sababu ndani yake, na sababu ni namna ya kuendelea kusimama. Kwenye mlima wa pili alishuka akasukuma. Alikuwa na miaka hamsini na sita na mlima ulimchosha, lakini zaidi ya uchovu alikuwa na furaha, na aliionea haya. Alikuwa ameshaamua robo ya mzigo wa Lidwina itakaa kwenye usukani na iliyobaki nyuma, na wao wawili watatembea kwa miguu.

Alifika saa tano. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Alisimama mbele ya mlango.

"Hodi."

Hakuna aliyejibu.

"Hodi hapa."

"Karibu," sauti ilisema kutoka nyuma ya nyumba, sauti ya mtu mwenye kazi mikononi. Ilikuwa sauti yake. Alikuwa hajaisikia kwa miaka sita.

Lidwina alitokea akijifuta maji kwenye kanga. Alikuwa amekonda. Alimwona, akasimama.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Hamjambo hapa?"

Lidwina alimsogezea kigoda, na Kajetani hakukaa.

"Nimekuja kwa kaka yako, Mama Devota. Nimekuja kumwambia lile neno."

Lidwina alimtazama sana usoni, kana kwamba anatafuta kitu. "Kumbe hukuambiwa," alisema.

"Kuambiwa nini?"

"Ameanguka tangu wiki ya Pasaka. Nilijua umesikia. Nikasema, hata kwa hili hakuja." Aligeuka akamwongoza ndani.

Athanasi alikuwa amelala kitandani karibu na dirisha. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umeshuka, na mkono wa kulia umelazwa kifuani mahali alipowekewa. Mkewe alikuwa amefariki zamani. Chini ya kitanda kulikuwa na mkeka uliokunjwa, na Kajetani alielewa nani anaulalia.

Songea nzima, aliwaza, na hakuna aliyeniambia. Kisha akawaza ni nani angemwambia. Kila mtu alidhani mwingine ameshamwambia. Watu sitini kwa siku walizungumza naye, na wote walizungumza naye habari za Gogo.

Alipiga magoti sakafuni. Yale maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yameondoka, na hiyo ilikuwa bahati yake.

"Mlamu. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Robota lako lilifunguliwa mwezi wa saba, nililiona. Katikati lilikuwa safi. Ukungu ulikuwa wa paa letu. Uliniambia nifungue katikati, sikufungua. Nimejua miaka saba, nimenyamaza. Nilikosea."

Athanasi alimtazama kwa macho yote mawili, maana macho yalikuwa mazima. Mdomo ulijaribu kitu, haukuweza. Kisha mkono wa kushoto uliinuka kutoka kwenye blanketi, ukatafuta, ukatua juu ya mkono wa Kajetani. Ukapiga kwa kiganja, taratibu. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Kajetani aliduwaa. Jicho lake, lililozoea kusoma, lilisoma bila kuulizwa: hodi, anaomba aachiwe. Akataka kuondoa mkono wake haraka.

"Usiuondoe," alisema Lidwina nyuma yake. "Anakuamkia. Mkono wake mwingine umekataa, hana pa kupigia, ndiyo maana anapigia kwako. Hata Padri alipokuja alimfanyia hivyo."

Ndipo Kajetani alipolia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama mtu asiye na mazoezi. Athanasi aliuacha mkono palepale mpaka ulipochoka.

Lidwina alipika. Walikula ugali na likolo, mboga za majani, na Kajetani alimlisha mlamu wake vijiko vichache, akaambiwa na mkewe anajaza kijiko mno. Baadaye walikaa nje, yeye kwenye kigoda, Lidwina kwenye kizingiti ili aweze kusikia ndani.

"Waliosikia ukimwita mwizi walikuwa kijiji kizima," alisema Lidwina. "Leo tumesikia wawili."

"Jumapili ijayo nitasimama nje ya kanisa lenu baada ya misa, niseme."

"Useme kama ulivyosema ndani. Usiongeze."

"Sitaongeza."

Kuku alipita. Lidwina aliuliza bila hasira, na hilo la bila hasira ndilo lililomchoma: "Ulikuwa unangoja nini, Baba Devota?"

Safari hii alikuwa na jibu. "Nilikuwa nangoja mniachie wenyewe."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokwisha kuikisia. "Nilisema siku hiyo hiyo nitafunga mzigo. Sijasahau. Ungekuja kabla ya Pasaka, hata wiki moja kabla, ningefunga. Yeye mwenyewe angenisaidia kukaza kamba." Alitazama ndani. "Sasa nani atamgeuza?"

"Nije nikae hapa?"

"Chumba ni hicho ulichokiona. Na wewe una kazi mjini. Njoo Jumapili."

"Nimechelewa," alisema Kajetani.

"Umechelewa," Lidwina alisema. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mpole, akaongeza, "Lakini umekuja," akaenda kumtazama mgonjwa.

Saa kumi Kajetani aliondoka. Baiskeli ilikuwa nyepesi mno, ikimkimbia kwenye miteremko, hana mzigo mbele wala nyuma. Alimfikiria Gogo, jinsi alivyotolewa kizimbani mkono umefungwa kitambaa. Kanda hazionyeshi watu wakifika nyumbani.

Aliingia Bombambili jua likizama. Jirani yake Skolastika alikuwa anaanua nguo. "Shikamoo, Mzee Kajetani. Umetoka mbali?"

"Marahaba. Nimetoka ukweni."

Skolastika aliiachia nguo iliyokuwa mkononi, maana miaka ile yote alikuwa hajasikia neno hilo kwake, lakini mzee alikuwa ameshapita na baiskeli yake.

Mlangoni alisimama. Funguo zilikuwa mfukoni na nyumba ilikuwa vile alivyoiacha, sufuria ya kiporo juu ya meza. Kwa miaka sita alikuwa akifungua na kuingia bila neno. Jioni ile aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia.

"Hodi," alisema.

Akangoja kiasi cha mtu mwenye maji mikononi kujifuta na kufika mlangoni. Akasema mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha akafungua, akaingia, akawasha moto apashe ule ugali uliobaki.